Daftari la Dirisha la Tatu

Kwenye kifuu, mezani pangu, zimesimama kalamu tatu.
Ya buluu ni ya bima ya serikali.
Ya kijani ni ya kampuni.
Ya tatu ni penseli, ya asiye na chochote.
Nilichagua penseli makusudi, kwa kuwa inafutika.
Mwaka ule wa kwanza nilikuwa hata na kifutio.

Nyevu Mwaringa, mfua mashuka wa hoteli ya ufuoni,
alikuja Desemba, mguu umevimba. Kijani.
Kadi yake ilikuwa na picha ya mwavuli,
akaiweka mbele yangu taratibu, kama mtu anayetua yai.
Juni akarudi na mguu uleule.
Wageni wamekwenda kwao, hoteli imefungwa,
na mwavuli umekunjwa masika yangali yananyesha.
Nilimwandika kwa penseli.
Aliutazama mkono wangu ulivyokwenda
asiseme neno.

Basi ndivyo kijani kinavyoishi Malindi:
huchipua na ndege za wageni, hunyauka na mvua,
kinyume cha kila mmea niujuao.

Kisha wakaja vijana wa fulana,
Barani, Muyeye, hadi Ganda ndani,
nyumba kwa nyumba, simu mkononi:
taja jina, taja namba, bonyeza hapa, tayari mama.
Buluu ikafurika daftari. Nilinunua kalamu mbili kwa hela yangu.
Nilifurahi, sitaficha.

Hadi siku ya Kenga, muuza makuti,
na pumu yake inayopiga mluzi kuliko yeye.
Nikaingiza namba, nikasoma kiooni:
"Jina lipo, mzee. Malipo hayapo."
Akainama dirishani, akashusha pumzi mara mbili.
"Na mimi je? Nipo?"
Alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo,
yeye ambaye chakula cha jioni
hukijua jioni.

Lugha yetu nayo ina uchokozi.
Tunasema kumkatia mtu bima.
Mshahara unakatwa.
Mtandao unakatika foleni ikiwa mlangoni.
Mgonjwa anakata tamaa,
na mmoja, Machi ile, alikata roho kwenye benchi
nikiwa bado namtafutia namba.
Kisu ni kimoja.
Sisi tumeshika makali.

Afisa alikuja kutoka Kilifi, akabandika chati ukutani.
Mstari ulipanda kama mkwezi, haukutazama chini.
"Waliosajiliwa," akasema, akiugonga kwa kidole.
Nikamwonyesha penseli yangu,
imebaki kipande kisichofika pingili.
"Omba nyingine stoo," akasema.
Stoo hawana.

Wiki iliyopita Nyevu amerudi. Hakuja peke yake.
Nyuma yake wafuaji wenziwe, wanawake saba,
vidole vimechujuka kwa sabuni za watu.
Wana kibati cha maziwa ya unga chenye kufuli.
Kila mwezi hukifungua, wakamlipia mmoja mwaka wake,
kwa kura, bila kulia.
Mwezi huu kura imemwangukia yeye.
Walihesabu sarafu hadi foleni ikaanza kunung'unika,
na Mbodze, mkubwa wao, akageuka akaitazama foleni ikanyamaza.

Nikashika daftari.
Pesa zinakwenda serikalini, kwa hiyo buluu.
Lakini si serikali iliyozileta.
Kampuni haimo. Penseli ningewatukana.
Kifuu changu hakina kalamu ya nne.
Nikaandika buluu, kama utaratibu unavyotaka,
na pembeni, mahali pa "maelezo mengine,"
ambapo kwa miaka sita sijaandika kitu,
nikayapanga majina yote saba, herufi ndogo ndogo,
hadi karatasi ikaisha.

Najua chati haina safu ya pembeni.

Nimechonga penseli tena.
Benchini wamo kumi na tisa.
Wa kwanza anatafuta kadi mfukoni,
anatafuta, anatafuta,
nami namngoja na kalamu zote tatu.