Tangi la Lita Kumi

Saa nane mchana, Manyatta. Bati linalia
kama sufuria tupu iliyosahauliwa motoni.
Mama yuko ndani, mguu mmoja haumtii tangu Agosti,
ana leso mbichi kichwani,
na ananiambia: hakuna joto, ni wewe una haraka.

Nikavunja kibubu cha harusi ambayo haikufanyika.
Nikashuka mjini.

Dukani vipoza hewa vimesimama kama watoto wa shule kwenye gwaride,
vyeupe vyote, vifua vina matundu,
na Shikuku, kijana mwenye beji kifuani na jasho mgongoni
(ndiyo, jasho, ndani ya duka la ubaridi),
anavisifu kimoja kimoja kama mshenga.
Hiki kina rimoti.
Hiki, dada, unatia barafu kwa juu
unalala kama uko Limuru.

Mimi nina maswali ya kwetu.
Kinakula tokeni ngapi kwa usiku?
Maji yakiisha saa tisa, kinanyamaza,
au kinaendelea kunguruma kikiwa kikavu?
Tangi la lita kumi ni nusu ya mtungi,
na mtungi wa mwenye mkokoteni ni shilingi thelathini
mfereji ukikauka. Na hukauka.
Haya magurudumu, yanaruka kizingiti?
Chetu fundi alikiinua baada ya mafuriko,
hata kuku hujifikiria mara mbili.

Shikuku akacheka.
Hayo, akasema, hayamo kwenye kijitabu.

Nikampigia Okinyi, anayefufua friji pale Kibuye.
Okinyi hajibu swali, hukufungulia darasa:
“Sikiza. Hicho chombo hakina baridi yake.
Hewa inapita, inakunywa maji, na katika kunywa inapoa.
Basi usikiulize chombo. Iulize hewa: una kiu?
Januari, upepo ukishuka kutoka Nandi midomo imempasuka,
huo utamaliza tangi na kuomba lingine.
Lakini Aprili? Hewa ya hapa imeshashiba ziwa.
Unaiongezea maji ya nini?
Mtalala mmelowa kama omena siku ya mvua.
Na dirisha liwe wazi, unanisikia? Wazi!”

Nikabaki katikati ya duka, simu sikioni,
na aibu ndogo ikanikaa shingoni.
Miaka thelathini na minne kando ya ziwa hili
sijawahi kuiuliza hewa chochote.

Ila mama.
Nilipokuwa mdogo alikuwa akitoka zamu zahanati,
anachovya shuka kwenye karai, analikamua,
analitundika mlangoni, hilo hilo la kulalia,
na sisi tunagombania sakafu iliyo nyuma yake.
Mvua za masika zikianza hakulitundika tena.
Nilidhani amechoka.

Nikachagua kisicho na rimoti,
chenye swichi ya upepo mtupu, bila maji,
kwa ile miezi ambayo hewa imeshiba.
Shikuku akakifunga kamba huku akisikitikia rimoti.

Kwenye kizingiti magurudumu yaligoma, kama nilivyosema.
Mama akaja na fimbo yake, akashika upande mmoja
kwa mkono ule mzima, tukainua.
Akafungua tangi, akachungulia, akanusa.
Akaweka kidole mbele ya upepo,
akakiacha hapo muda mrefu, kama anayehesabu mapigo.
“Kumbe,” akasema, “wameliingiza shuka langu kwenye kabati.”

Halafu akauliza bei.
Nikamtajia nusu.

Usiku leso ilimteleza kichwani, kavu, hakuamka.
Mimi niko macho, nasikiza mita ya stima ikihesabu,
na juu yetu, kwa wakati wake,
bati lilikuwa likipoa lenyewe,
tik, tik,
bila kumdai mtu.