Na ya Kutolea

Shaame, elfu hamsini imefika.
Nimeisoma mara tatu, mama kaniuliza mara nne.
Ila ya kutolea hukuweka, ndugu yangu.

Nimeshuka Konde na jua la saa saba.
Faki wakala kanambia floti ipo, keshi hamna,
wachumaji karafuu wamelipwa asubuhi, wamemkausha.
Wa pili, mtandao umelala.
Nikakopa nauli hadi Wete.

Huko pesa ipo, na feni ipo.
Namba ya siri nikaibonyeza ndani ya buibui
kama mtu anayejikuna.
Simu ikalia: makato haya, tozo hii,
asante kwa kutumia huduma zetu.
Asante!
Mtu akumege kisha akushukuru, utamjibu nini?

Na noti zenyewe, moja imeungwa gundi.
Duka la dawa wakaigeuza juani kama samaki wa jana,
wakanirudishia.
Nikatoa nyingine. Chenji ya mia mbili haikuwapo,
nikapewa peremende mbili.
Nenda wewe ukalipe umeme kwa peremende!

Sasa usiku. Mama kameza vidonge,
kinywa kichungu, nimempa peremende moja,
anaimumunya taratibu kama mwenye mali.
Noti ya gundi nimeilaza chini ya godoro, labda itanyooka,
labda kesho nitampata muuza duka asiyeona vizuri.

"Shaame katuma ngapi?"
Hamsini, nikamwambia.
"Na zimefika zote?"

Zote, mama.