Vyombo Vingine (Taja)

Temburkhed: kaya mia mbili na kumi na nne.
Ndivyo ilivyosema sensa iliyopita,
na mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la tano,
nimepewa mkoba, kalamu mbili za bluu, chaki ya kuandikia milangoni,
na siku kumi na tisa za kuhakiki.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alituambia afisa kwenye semina,
huku akipoza chai kwenye kisosi.
Nikaandika. Huwa naandika kila ninachoambiwa.

Siku ya kwanza nilihesabu makufuli.
Kufuli la shaba. Kufuli lenye kutu.
Mlango uliofungwa kwa waya wa baiskeli,
mlango uliofungwa kwa kitambaa tu, kama kidonda.
Nyumba kumi na moja nimepita kabla sijapata wa kumwamkia,
naye ni Kerba, kiziwi, anachambua pamba barazani.
Akanyoosha mkono kusini:
kule. Wote, kule.

Kule ni kwenye miwa.
Taa za Diwali zikishazimika tu, malori huja usiku
kuchukua magodoro, masufuria, mbuzi, wakwe,
na wanafunzi wangu ishirini na wawili.
Mnyapara wa miwa naye ana sensa yake:
mume na mke, kwake, ni panga moja.
Kwangu wawili, kwake moja.
Mimi ndiye ninayefundisha hesabu.

Ukurasa wa tatu, USAFIRI.
Barabara ya lami: ipo.
Ipo hadi kwenye kalvati, kisha ni changarawe,
kisha ni kumbukumbu.
Basi la serikali: lipo.
Lilifika siku moja, mwaka wa uchaguzi,
limevishwa maua ya manjano, dereva akapasuliwa nazi.
Halijarudi. Lakini nikiandika halipo
wataniuliza nani kaliiba.
Stesheni ya treni: kilomita hamsini na mbili.
Baiskeli: tisa; zenye mnyororo, nne.
Pikipiki: ya Sopan,
ambayo pia ndiyo posta, ndiyo gari la wagonjwa,
na mwezi wa Mei humbeba bwana harusi.
Lori la miwa, lililohamisha nusu ya ukurasa wa kwanza:
halina safu.

Nyumba ya themanini na nane, bibi Godavari
anapepeta mtama, wajukuu wanne wamemzunguka.
— Andika tisa.
— Mama, naona watano.
— Umetumwa kuona, au umetumwa kuhesabu?

Nikakaa chini.
Akawataja kwa vidole, ungo magotini:
yeye; hawa wanne; mwanawe; mkwewe;
binti aliyeachika, ambaye hukata miwa peke yake
na hulipwa nusu panga.
Wa tisa alizaliwa Desemba, juu ya tela,
trekta ikienda, miwa ikimchoma mama yake mgongoni.
Dereva hakusimama.
Kiwanda hufunga mizani saa kumi alfajiri,
na tani hazingoji uchungu wa mtu.

— Jina lake?
— Bado. Kwa sasa wanamwita Gadi, yaani gari.
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akarudi kupeta.

Mahali pa kuzaliwa: kijiji. Wilaya. Jimbo.
Hakuna kisanduku cha njiani.
Nilikaa pale hadi wino ukakauka kwenye ncha.
Makapi yakanituama mabegani.
Nikawaza watu wanaopotea na daftari lao mkononi,
habari zao zikijulikana hadi kwa kilo.

Mwishowe nikaandika tisa.
Afisa akija kukagua, na aje ahesabu makufuli.
Kisha nikafungua tena ukurasa wa tatu,
pale chini, palipoandikwa vyombo vingine (taja),
nikataja:

Gadi. Mmoja, wa kike.
Bado hajaanza kutembea.