Herufi Nne, Isevya

Vizibo vya soda, herufi kwa rangi ya kucha.
Kalunde kapanga: H, E, L, A.
"Batili!" akaruka Mihayo. "Hilo la Mjerumani."

"Basi ondoa viwiko mezani, meza ya Mreno.
Gari mrudishie Mhindi,
Mwarabu mpe kitabu chake,
ubaki na ulimi mtupu."

Bi Nzella, mwenye nyumba, hakuamua.
Kaingia ndani, katoka na sarafu ya shaba
iliyofuliwa hapahapa Tabora, vita vya kwanza,
akailaza juu ya neno.
Sarafu hainunui kiberiti.
Neno linanunua mpaka leo.

Mihayo akaandika alama saba, kalamu ikisitasita.
Kisha juu ya H akabandika S,
chini yake U, L, E,
wala hakumtazama mtu.