Mpaka Jumatatu

Volvo ya mwaka themanini na nne, nyeupe kama maziwa yaliyochacha.
Ameileta Ilmari Vuontela, mstaafu wa kiwanda cha karatasi.
"Inatetemeka," anasema. "Nikisimama kwenye taa
meno yangu ya bandia yanapiga makofi."
Kemi leo ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Spana ukiishika bila glavu, inakushika yenyewe.

Nafungua boneti. Namwambia awashe.
Injini inashtuka, inalalia kushoto,
feni inakwaruza kava lake:
kijiko kwenye sufuria tupu.
Mauntini zimekufa. Hilo halihitaji shahada.

Lakini huyu aliyenitangulia!
Hosi ya redieta ameiunga kwa bomba la sinki.
Waya wa taa ameufunga plasta ya kidonda.
Ekzosi ameipinda kwa nyundo,
fimbo ya gia ameitia washa tano,
na bolti moja, Mungu wangu, ni ya kitanda.
Funika kombe mwanaharamu apite;
naye amepita, amelipwa, ameoga, amelala,
kombe kaniachia mimi.

Nikamtukana kwa Kifini,
lugha yenye r za kutosha kwa kazi hiyo.
Nikamtukana yeye, na mwalimu wake,
na duka lililomuuzia nyundo.

Kisha jeki, na ubao chini ya sampu,
nikaipandisha injini kidogo kidogo
kama unavyomwinua mtu aliyevunjika nyonga.
Mpira wa kulia umelowa oili, laini kama ini.
Wa kushoto
si mauntini.
Ni kisahani cheusi cha hoki ya barafu,
kimetobolewa katikati, kimepitishwa bolti.

Nikakifuta kwa kidole gumba.
Chini ya grisi, rangi nyeupe: kumi na saba.
Chini ya kumi na saba, kwa ncha ya kisu: R. K.

Raili Kortelampi. Winga wa kushoto.
Mimi.

Nikainama kwenye chasisi, nikakwangua.
Chini ya weupe, kijani.
Ilikuwa ya mjomba Tauno, ya kijani kama chura,
na mimi nina miaka kumi na tisa, usiku, barabara ya Rovaniemi,
Päivi nyuma anashika tumbo, anahesabu kwa sauti,
injini imeangukia upande mmoja,
na kwenye mkoba wangu wa mazoezi, kisahani.
"Mpaka Jumatatu tu," nilimwambia.
Mtoto alizaliwa Ijumaa, saa kumi alfajiri.
Sasa ana ndevu.
Jumatatu bado haijafika.

Mjomba akaiuza. Aliyeinunua akakuta ekzosi inagonga,
akaipinda ifuate injini iliyoinama.
Aliyemfuata akakuta gia hazikubali,
akatia washa. Wa tatu, hosi haifiki.
Hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mmoja
aliupimia uongo wangu kwa uangalifu,
akaukatia nguo ikaukaa sawasawa.

Ila ile bolti ya kitanda. Hiyo siikubali.

Nimetia mauntini mpya, zote mbili.
Injini imepanda sentimita mbili, imekaa mahali pake,
na papo hapo gari zima limeharibika:
ekzosi haikutani na mwenzake,
hosi imekazika kama uzi wa kandili,
gia ya tatu haitaki kusikia.
Kumnyoosha mmoja ni kuwafichua wote.

Ilmari akapiga simu.
"Umemjua aliyefanya upuuzi huo?"
"Namjua. Ni wa hapahapa Kemi."
"Bado anatengeneza magari?"
Nikatazama mikono yangu.
"Anajaribu."
Akacheka, kisha akauliza itakuwa tayari lini.

Neno lilishafika kwenye meno.
Nikalimeza.
"Nitakuambia," nikasema, "nikimaliza."