Sheli

Mama alipiga simu kutoka Hombolo
nikamwambia niko kazini, nachagua sheli.
"Sheli?" akauliza. "Kwani umenunua gari?"
Nikacheka mpaka Ndahani akageuka.

Si ya mafuta, mama. Hii ni ganda,
kama la karanga unazomenya hapo.
Ndani kuna punje, mashine yenyewe;
haioni mkono, inasikia neno tu,
na neno sharti lipite gandani kwanza.
Lipo la kale, kavu, halina pambo,
utalikuta kila nyumba kama chumvi.
Lipo la wengi, alilonifundisha Ndahani,
linatunza kumbukumbu ya kila nilipokosea.
Na lipo jipya, la rangi rangi,
linakumalizia sentensi hujafikiri bado,
kama wifi yangu Mbeleje.

"Chukua lisilovunja meno," akasema, akakata.

Usiku, Mtumba. Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.
Wakubwa wamekwenda kulala.
Kwenye kioo alama ya dola inapepesa:
dola nzima, macho, inangoja amri yangu.

Nikafungua daftari la mifugo la Bahi.
Kwangu, ng’ombe mia nne na sita, safi.
Kwa Ndahani, kwenye madirisha ya mtambo mwingine,
rangi zimezimika,
mshale wa juu unatema mabano,
na kila ng’ombe amekuwa ngâ€™ombe.
"Huyu ana ugonjwa gani?" akauliza.

Tukabadili herufi. Tukabadili lugha ya mashine.
Tukamdanganya mtambo kwamba kioo chetu ni cha zamani.
Akaamini, akaandika visanduku vitupu,
mia nne na sita, mazizi bila mnyama.

Saa saba nikahesabu baiti, huku na kule.
Zilikuwa zilezile. Hakuna aliyepotea.
Dirisha tu ndilo halikujua kusoma
kile kidoti kilichopinda, baada ya ng,
ambacho mtoto wa Bahi hukitamka kabla ya kutembea.

Nikakifuta. Nikaweka kilichonyooka.
Kisha nikachagua lile ganda kavu,
nami nalipenda la rangi, sifichi,
ila afisa mifugo kule hana jingine
na kesho asubuhi ataandika amri yangu
kwa kidole kimoja.

Mama akatuma ujumbe: Umepata hiyo sheli?
Nikajibu: Nimepata. Haina foleni.