Maganda ya Zamu ya Usiku

Nunzio, leo nimekuja na ndoo mbili.
Moja ina salfa, manjano kama jicho la mgonjwa wa ini;
nimeichota kwenye kilima kile cha kiwanda cha mafuta,
kinachokua kila mwaka na hakina mnunuzi.
Ya pili ni mafuta ya maganda. Miaka thelathini na mmoja
nimekamua machungwa ya watu pale Lentini, zamu ya usiku.
Juisi ilikwenda Milano; maganda yalibaki nasi,
yakaoza nyuma ya ghala mpaka nyuki wakalewa.

Iolanda, yule mkemia mwenye suruali iliyotobolewa na asidi,
anavipika pamoja. Sufuria, mwiko, subira.
Salfa inayeyuka, inaiva wekundu wa divai iliyosahauliwa,
chumba kinanuka Krismasi na Jehanamu kwa mpigo.
Nilicheka. Wewe ungecheka zaidi.

Kinachotoka ni kama mpira: ukikibonyeza, kinarudi.
Tunakisaga, tunakijaza kwenye mrija wa kioo,
kisha tunakimiminia maji ya ghuba,

ghuba yako, Nunzio,
ulimozoea kuogelea ukitoka kwenye klorini,
na zebaki chini yako, kimya, ikitambaa topeni
kama mdaiwa anayekwepa macho.
Samaki waliila. Nasi tukawala samaki, Ijumaa kwa Ijumaa,
mama akikuchagulia kipande kinono.
Halafu mikono yako. Kikombe kikigonga kisahani, ngo ngo ngo,
na meneja akasema ni umri.
Ulikuwa na miaka arobaini na miwili.

Sasa tazama: pale zebaki inaponaswa,
wekundu unageuka manjano. Taratibu.
Iolanda anaandika tarakimu. Mimi nahesabu punje
kama shanga za rozari.

Nisikudanganye. Mrija mmoja, ghuba nzima.
Nilimwuliza itachukua muda gani, akainama akafunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa tayari.
Na waliomwaga hawajaleta hata kijiko.

Ila taka mbili zilizokataliwa na kila mtu
zimeshikana, zikaishika ya tatu,
na haziachii.

Nilitaka kukuletea punje chache za manjano,
nizitie kwenye kikombe chako chenye ufa.
Iolanda akanishika mkono: bado ni sumu, Agatina,
imefungwa tu.

Nikazirudisha.
Kikombe kiko kabatini, kitupu.
Kesho ni zamu yangu ya kusaga.